Madame na Daftari la Usingizi

Kwanza biki. Kabla sijasema neno lingine juu ya Madame, ujue kwamba biki yake haikukaa mezani wala mfukoni. Aliichomeka kwenye kitambala chake cha kichwani, juu kidogo ya sikio la kuume, na humo ilishinda. Akitaka kuandika, mkono ulipanda wenyewe, ukachomoa, ukaandika, ukarudisha, na muda wote huo macho yake hayakuwaacha watoto. Watoto wenyewe walikuwa wa miaka mitatu, wengine hata hawajaifikisha, na waliamini kwamba mwanamke akishakuwa mkubwa biki inamwota kichwani. Kuna mmoja alimvua mama yake kitambala katikati ya soko akiitafuta.

Kwao ni wapi, baba yake nani, kazi aliianza lini: usiniulize, kwa maana na mimi sikuuliza. Nilimkuta tayari yuko hivyo, mfupi, mzito kidogo wa miguu, na viatu vya plastiki vya buluu. Alifundisha kwenye shule ya maternelle mtaani kwetu hapa Kalemie, shule ya watoto ambao hawajafika umri wa kuanza la kwanza. Vyumba vitatu vya bati na uwanja wa mchanga ulioteremkia upande wa ziwa. Yeye alikuwa na chumba cha wadogo kabisa. Walimu wenzake, wazazi, wauza samaki wadogo wa ndagala barabarani, wote walimwita Madame tu. Jina lake lilikuwamo kwenye karatasi za ofisini, lakini sijawahi kusikia mtu akilitumia.

Mimi nilipelekwa kwake kwa staji, yaani mazoezi ya kufundisha. Nilikuwa mwaka wa mwisho, nasomea kulea na kufundisha watoto wadogo, na nyumbani nilikuwa na mtoto wangu wa kumzaa mwenyewe, Furaha, miaka miwili na nusu, mtoto wa kelele na makamasi. Mume wangu yuko Bendera, kwenye mitambo ya umeme, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Ili upate diplomu ilikupasa ukae darasani kwa mwalimu miezi mitatu, uchague mtoto mmoja umfuatilie na kuandika habari zake, halafu ufundishe somo moja mbele ya wakubwa wa kutoka chuoni kwetu. Ukianguka somo lile, miaka yote imekwenda na maji. Majina yaliposomwa na wenzangu wakasikia nimepangiwa kwa Madame, walinipa pole kama mtu aliyefiwa.

Nao hawakukosea. Siku ya kwanza nilifika na daftari jipya, wino wa rangi mbili, na maneno mazuri niliyoyatoa kwenye masomo. Madame aliniangalia kuanzia viatu hadi nywele.

"Weye umekuja kuangalia watoto ao watoto wakuangalie weye?"

Akanipa ndoo na kitambaa, akanionyesha mahali mtoto mmoja alipojikojolea. "Anzia pale. Pale njo masomo inaanzia."

Nilimchukia wiki mbili nzima. Chuki ya kweli, ile ya kumhesabia mtu hatua zake. Nilimhesabia na makosa yake pia, na yalikuwapo mengi, Mungu anisamehe. Saa yake ya mkononi ilichelewa dakika ishirini na hakukubali kuirekebisha: "Yangu iko sawa, njo ninyi munaharakisha." Alikataza chakula darasani, na mfuko wa eproni yake ulijaa karanga za kukaanga. Watoto walijua. Aliyemkuta akitafuna alipewa moja na kuwekewa kidole mdomoni, shhh, na kwa hiyo darasa zima lilikuwa na siri moja na kila mtu alidhani ni yake peke yake.

Hakumpiga mtoto hata siku moja. "Mukono ni ya kupangusa makamasi," ndivyo alivyosema, na kama mzazi alikuja na fimbo kumfuata mtoto, fimbo ilibaki mlangoni kwa Madame na ikaishia kuchochea moto wa uji. Lakini sisi wa staji! Upole wote aliwapa watoto, sisi akatubakizia makapi. Mwenzangu mmoja wa chumba cha pili alilia mbele ya darasa kwa sababu Madame alimwambia sauti yake inafanana na mlango wenye kutu. Na ukweli, ilifanana.

Halafu kulikuwa na jambo la maji. Hapa kwetu ziwa unaliona hata usipotaka, ukigeuza shingo liko pale. Madame aliliogopa kama mtu anavyoogopa mbwa wa jirani. Kutoka sokoni hakupita barabara ya kando ya maji. Alizunguka kwa nyuma, upande wa reli, jua likimpiga, na mzigo kichwani. Bandarini hakukanyaga. Watoto walipochora, na mtoto wa Kalemie akipewa karatasi anachora ziwa, angekuja nyuma ya mtoto na kuinama: "Punguza maji, mutoto wangu. Achia watu nafasi." Tulimcheka kwa siri. Hatukujua tunacheka nini.

Sasa nifike kwenye daftari, kwa sababu bila daftari lile mimi nisingekuwa na habari ya kusimulia.

Saa nne na nusu, baada ya uji, watoto walilala. Mwalimu wa kawaida anatandika mikeka, anasema laleni, anayekataa anakaripiwa. Madame alitandika mikeka kama mama anayepanga wageni kwenye harusi. Huyu hapa, yule kule, huyu asigusane na yule, huyu kichwa kielekee ukutani. Kwapani alikuwa na daftari lililopoteza jalada, akalishonea jalada lingine la gunia kwa uzi wa wavu wa samaki. Kila mtoto alikuwa na ukurasa wake, na hamkuwamo alama wala hesabu. Nilichungulia siku ya pili akiwa nje.

Ukurasa mmoja: "Ubavu wa kushoto. Ashikwe sikio." Mwingine: "Asilale karibu na mlango, upepo unamwamsha na analia kwa aibu, si kwa hofu." Mwingine: "Anataka kipande cha kikwembe cha mama yake. KISIFULIWE." Mwingine, ambao ulikuwa umefutwa na kuandikwa upya mara tatu: "Halali. Anajifanya. Aachwe ajifanye, ndiyo mapumziko yake."

Niliona ni kichekesho. Chuoni tulikuwa tumesoma usingizi wa mtoto kwa sura nzima, na michoro, na mishale. Nikamwambia, kwa heshima yote ya uongo niliyokuwa nayo, kwamba njia yake haimo katika masomo.

"Ndiyo," akasema. "Kitabu yenu inajua watoto wote. Haijue mumoja."

Moyoni nikasema, mama huyu ana kiburi.

Aliyekishinda kiburi changu ni mtoto anayeitwa Sifa. Sifa alitoka Katanika, kule kwenye kambi ya waliokimbia vijiji vyao, na kila asubuhi dada yake mkubwa alimleta kwa miguu. Huyu hakulala chini. Wenzake wakijinyoosha kwenye mikeka, yeye alikaa ameegemea ukuta, magoti juu, viatu miguuni, macho mlangoni, mpaka kichwa kinaanguka chenyewe. Siku ya kwanza kumwona nikaenda kumlaza vizuri. Kofi likatua mkononi mwangu, pa! Mkono wangu, si wa mtoto.

"Acha."

"Madame, ataumia shingo."

"Shingo itapona. Ukimulalisha kwa nguvu leo, kesho hatafunga hata jicho moja." Akanionyesha ukurasa wa Sifa. Uliandikwa: "Analala ameketi na viatu. Aachwe. Mwalimu akae mahali anapoonekana."

Na kweli, Madame wakati ule alihamisha kiti chake akakaa mbele ya mlango, mwili wake wote umeujaza, ili Sifa akiangalia mlango amwone yeye. Nikamchagua Sifa kuwa mtoto wangu wa kuandika. Wiki sita nilimfuatilia. Nilijua anasinzia dakika ngapi baada ya uji, mkono gani unalegea kwanza, siku gani alishtuka kwa sababu ya bati na siku gani hakushtuka. Wiki ya tano, Jumatano, alivua kiatu kimoja. Kimoja tu! Madame alinitazama ng'ambo ya mikeka, na mara ya kwanza nikamwona akitabasamu kwa mtu mwenye zaidi ya miaka minne. Wiki iliyofuata Sifa alijilaza ubavu, kiatu kimoja mguuni, kingine amekikumbatia.

Maandishi yangu yalisomwa mbele ya wanafunzi wote. Asistan aliyetusimamia, mwalimu msaidizi wa chuoni, alisema hajapata kuona macho kama yangu. Nikavimba kichwa, jamani, hata njia ya kurudi nyumbani niliiona nyembamba.

Na nyumbani? Ndipo penyewe. Asubuhi nilimwacha Furaha kwa jirani kabla hajaamka vizuri. Kutoka staji nilipitia masomo, kutoka masomo nilipitia maktaba, nikirudi jirani ananikabidhi mtoto amelala begani kama furushi. Namweka kitandani, nafungua daftari, naandika habari za Sifa. Furaha alikuwa ameanza kumwita jirani Mama, na mimi nikimchukua alinipiga teke. Mama yangu, aliye Moba, alisikia, akatuma neno: nimlete mtoto kwake, huko kuna maziwa na hewa nzuri, nisome nimalize, mwaka mmoja si kitu. Kwetu hilo si la ajabu. Watoto wangapi wamelelewa na bibi zao na wakakua watu! Shangazi yangu alikuwa anapanda boti Jumamosi. Nikakubali. Nililia kidogo, halafu nikajisikia mwepesi, na wepesi ule sikuupenda, lakini ulikuwapo.

Jumatano nilimwomba Madame ruhusa ya kukosa siku mbili nifunge mizigo ya mtoto. Tulikuwa tunasuuza vikombe vya uji. Nikamweleza kwa ufupi. Hakuinua kichwa.

"Analalaka ubavu gani?"

"Nani?"

"Wako."

Nikafungua mdomo. Jamani, nilifungua mdomo nikiwa na uhakika jibu limo. Halikuwamo. Nilitafuta kama mtu anayepapasa funguo kwenye mkoba: kushoto? kulia? Ananyonya kidole? Anasema kitu? Nilikuwa namkuta amelala tayari, siku zote amelala tayari. Usingizi wa Sifa niliujua kwa dakika. Wa mtoto niliyemzaa mwenyewe sikuujua.

Nikapandwa na hasira, kwa sababu aibu ikinikamata mimi hugeuka hasira. Nikamwambia hayo si mambo yake. Nikamwambia yeye ana mshahara wake na kiti chake, hajui maana ya kusoma na mtoto mgongoni, na mtu asiyewahi kupita njia asiwafundishe wengine mahali pa kukanyaga. Yote hayo nilimwambia mkubwa wangu, kikombe cha uji mkononi. Leo nikikumbuka masikio yananiwaka.

Madame alifuta mikono yake, kidole kimoja kimoja. Akakaa kwenye kibenchi cha watoto, magoti yake yakapanda hadi kifuani.

"Miye nilituma wangu," akasema. "Alikuwa na miaka mbili. Nilituma kwa mama yangu, kule juu, Moba. Nilisema mwaka moja, juu ya masomo. Nilimupeleka mwenyewe na boti. Tukafika salama. Kurudi, peke yangu, upepo ukatukamata. Maji ikaingia, watu wakaanza kuomba Mungu. Toka siku ile, boti ikanishinda. Nilikuwa ninafika bandari, miguu inakataa. Barabara, unaijua vile iko. Mwaka ikazaa mwaka."

"Na mtoto?"

"Alirudi na miaka tisa. Na valizi ya nguo zake. Alishuka na muntu wa kanisa, miye nikamungojea kule kwa reli, sikuweza hata kufika karibu na maji. Bibi yake alikuwa anamwambiaka, mama yako ni Madame kule Kalemie. Basi akaninyooshea mukono. Bonjour, Madame." Alicheka bila sauti. "Mutoto wa adabu kabisa. Mpaka leo, njo vile ananiitaka."

Nikauliza upuuzi: je, masomo aliyamaliza?

"Nilimaliza. Diplomu iko ndani ya kabati." Akainuka, mikono kiunoni. "Sikukatazi. Mama yako ni muntu mwema, atamulea. Lakini kwangu mutoto hatumwi bila ukurasa wake. Enda. Siku mbili hizi usisome, usipike sana. Muangalie. Andika. Halafu Jumamosi umupe shangazi mutoto pamoja na ukurasa, mama yako ajue anapokea nani."

Akachana karatasi moja kutoka kwenye daftari lake. Ndilo jambo lililonivunja nguvu, kule kuchana, kwa sababu daftari lile alilitunza kuliko mshahara wake.

Alhamisi na Ijumaa nilikaa na mwanangu. Mchana, jua linapokuwa kali na mtaa umetulia, nililala naye mkekani nikamwangalia. Nikaandika. "Ubavu wa kuume." Nikaandika: "Mguu mmoja lazima uguse mtu." Nikaandika: "Anaukunja ukingo wa nguo yako kidoleni mpaka kidole kinakuwa cheupe, usimzuie." Ijumaa nikaongeza la mwisho. Kabla hajalala aliniita, "Mama." Nikaitika. Kimya. "Mama." Nikaitika. Kimya kirefu, nikadhani amekwisha lala, halafu tena, sauti imeshazama: "Mama." Nikaitika, akalala. Nikaandika: "Anaita mara tatu. Hataki kitu. Anahakikisha tu."

Nikausoma ukurasa tangu mwanzo, kama vile mimi ni mama yangu kule Moba. Na nilipofika mara ya tatu, nikajiuliza ataitika nani. Mama yangu angeitika, na kwa upendo, hilo sina shaka nalo. Lakini mtoto hakuwa anamwita mama yangu.

Jumamosi nilikwenda bandarini kumwambia shangazi aondoke mwenyewe. Alinitukana mbele ya wachuuzi. "Kichwa ngumu! Utaanguka masomo, na mutoto utamupoteza!" Sikuwa na hakika kwamba amekosea.

Jumatatu nikafika kwa Madame na Furaha mgongoni, sijapanga cha kusema. Alinyoosha mkono, nikampa ukurasa, akausoma, akachukua sindano na uzi wa wavu, akaushonea ndani ya daftari. Mkeka mmoja ulikuwa umekwisha kutandikwa, karibu na wa Sifa. Tangu siku ile nilimaliza staji na mtoto wangu darasani, na haikuwa rahisi, nisije nikakudanganya. Alimuuma mtoto wa mkuu wa shule. Alimwaga uji kwenye maandalio yangu. Na maktaba niliiaga, nikasoma alfajiri kabla hajaamka, nikisinzia juu ya karatasi.

Siku ya somo la mtihani walikuja wakubwa watatu wakakaa nyuma kwenye vibenchi. Somo langu lilikuwa kubwa na ndogo, nimeleta samaki wakubwa, mikebuka mitatu, na ndagala tele kwenye beseni, watoto watenganishe. Harufu sitaisimulia. Mambo yalikwenda vizuri hadi katikati, ndipo Furaha, aliyekuwa amelala pembeni kwa homa ndogo, akaamka.

"Mama."

Darasa likageuka. Asistan akaangalia saa. Nilijua sheria: mwalimu haachi somo, na mambo ya nyumbani hayaingii darasani. Kama ningekwenda, ningekuwa nimekatisha somo. Nikaendelea na mkebuka mkononi.

"Mama."

Nikamtazama Madame kwenye kona. Uso wake haukunipa kitu, ukuta kabisa. Alinyoosha kidole kugusa biki yake, basi.

Nikaukumbuka ukurasa wake, sikungoja ya tatu. Nikaenda, nikamwinua, nikamfunga mgongoni kwa kikwembe, mikono yangu ikinuka samaki, na nikaendelea: "Sasa nani atanionyesha kubwa na ndogo bila samaki?" Sifa wa Katanika, ambaye miezi mitatu hakuwahi kusema mbele ya wenzake, akanyoosha kidole kwangu. "Mama kubwa," akasema. Akanyoosha mgongoni. "Na ndogo."

Mkubwa mmoja wa mtihani, mama mwenye miwani, akauliza kwa ukali kama kile kitendo kilikuwamo kwenye maandalio. Kabla sijajibu, sauti ikatoka kwenye kona: "Kiko kwenye daftari. Ukurasa ya nyuma kabisa, ile mupya."

Nilipita. Sikupita kwa alama za kujivunia, asistan mwenyewe aliniambia kuna zilizoanguka kwa sababu ya kikwembe. Zikaanguka, sikuzifuata. Nilikwenda na karatasi ya matokeo kwa Madame. Akaisoma, akasema, "Vizuri. Sasa usiifunge kwenye kabati," akarudi kwa watoto wake bila hata kunishika mkono.

Miaka mitano imepita. Nina darasa langu mtaa wa Dav, nina daftari langu, na wa staji wananiogopa kidogo, hilo silichukii. Madame alistaafu. Tulionana kanisani mara chache, salamu za haraka. Mwezi uliopita nikateremka bandarini na Furaha, amekuwa msichana wa miaka minane sasa, kupokea maharage aliyotutumia mama yangu kutoka Moba. Katikati ya wachukuzi na magunia nikaona viatu vya plastiki vya buluu.

Madame, bandarini! Alikuwa ameketi juu ya gunia la chumvi la mtu, ameligeuzia ziwa mgongo, mikono imelikamata daftari.

"Madame! Umepotea njia?"

"Nyamaza, weye. Miguu inanitetemeka." Akaniambia mwanawe, aliyekuwa amerudi kuishi Moba, anakuja, na mke wake, na mtoto wao wa miaka miwili. Mkwewe amepata nafasi ya kusoma hapa, masomo yale yale yangu. "Walisema mutoto abakie kule Moba na watu wa bibi, juu ya masomo ya mama yake. Nikasema hapana. Nyumba yangu inapokea mama na mutoto, ao haipokei muntu. Na nikasema nitawapokea kwa maji, si kwa reli."

Akamgeukia Furaha, akamkagua kuanzia viatu hadi nywele. "Huyu njo wa mara tatu?"

"Ndiye."

"Weye mutoto, mama yako analalaka ubavu gani?"

Furaha hakufikiri hata kidogo. "Wa kushoto. Na kitabu juu ya uso. Na anakoroma, lakini anakataaka."

Madame alicheka mpaka kitambala kikalegea na biki ikaanguka. Mimi nikaiokota nikampa, na macho yangu yalikuwa yamejaa, sioni haya kusema.

Boti ikafunga gatini. Akashuka mwanamume mrefu, valizi kila mkono, na nyuma yake mwanamke mwembamba, mtoto amelala mgongoni. Mwanamume akaweka valizi chini, akanyoosha mkono kwa adabu.

"Bonjour, Madame."

"Karibu, mwanangu." Hakumnyang'anya mkwewe mtoto, kama mabibi wote wanavyofanya. Alifungua daftari, ukurasa mweupe. "Mama, mutoto analalaka ubavu gani?"

Mkwewe akashtuka, akadhani ni mtihani. "Wa kuume, Mama. Na anataka kushika kidole cha muntu."

Akaandika. Wachukuzi walikuwa wanatusukuma, pikipiki zinapiga honi, nikadhani sasa tutaondoka. Lakini hakurudisha biki. Alifunua ukurasa mwingine, mweupe pia, akainua uso kumtazama yule mwanamume, na mgongo wake safari hii haukuligeukia ziwa.

"Na weye?"

"Miye nini, Madame?"

"Ulikuwa unalalaka ubavu gani?"

Akacheka. "Madame, miye ni muntu muzima. Nina ndevu."

"Nimekuuliza."

Kicheko kikamwishia. Alimtazama mama yake, akatazama biki inayongoja juu ya karatasi.

"Juu ya tumbo," akasema. "Mikono chini. Na mulango lazima ibakie wazi kidogo."

"Hata leo," mkewe akasema taratibu. "Njo vile analalaka hata leo."

Madame akainama akaandika. Herufi zilikwenda polepole, na hakuna aliyemharakisha. Tulisimama wote juani na mizigo yetu, tukamngoja amalize ukurasa.